Kilo Nilizoshindwa Kuuliza

Ko, ko, ko, pu. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya kazi yangu, na mpaka leo nikifumba macho naisikia. Vilikuwa vidole vya Papa Gaspari vikigonga mbao za tanga, mmoja baada ya mwingine, ndani ya hangari yetu kando ya ziwa. Sikio lake lilikuwa karibu kugusa ubao, kama daktari anayesikiliza kifua. Ko ni ubao mzima. Pu ni ubao ulioingia maji ndani.

"Huu umekunywa," alisema bila hata kunisalimia. "Ubao uliokunywa ni sawa na mutu aliyekunywa. Atakukubalia kila kitu, kisha anakuangusha. Wewe ndiye ule mutoto wa Cimpunda? Shika mwisho ule, tuutoe inje."

Furaha na Neema, mmeniomba niwaandikie namna ya kumchagulia mtu ubao wake wa kwanza, sababu sasa kazi imebaki mikononi mwenu. Nawaandikia. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na nane. Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Wengine kustaafu kunawajia pamoja na mvi, mimi kumenijia pamoja na bega. Nilisoma mpaka mwaka wa ine wa sekondari tu, kwa hiyo mkikuta kosa la maandishi mlipite. Kosa ambalo sitaki mlipite ni lingine, lile la heshima, ambalo lilinitoa kazini na kunifungia mlango wa nyumba niliyotaka kuingia kama mke. Nitalifikia.

Nilipoanza nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa nimewahi kuona ubao wa tanga kwa karibu. Kutoka kwetu Cimpunda ziwa unaliona kule chini kama bati jipya, na nilikuwa nikiona vipembe vyeupe vikitembea juu yake, nikafikiri ni ndege. Kumbe ni watu. Wanasimama juu ya ubao, wameshika tanga kwa mikono miwili, na upepo unawapeleka. Nilijiambia siku moja nitasimama hivyo mpaka kisiwa cha Idjwi. Papa Gaspari alinisikia nikisema hivyo akajibu, "Idjwi iko mbali. Anza kwa kufagia."

Nikafagia miezi mitatu. Kisha akanionyesha mbao. Tulikuwa na nzima tatu, zote zimeachwa na wageni waliorudi kwao, kwa sababu ubao hauingii kwenye valizi ya safari. Mnazijua. Ule mpana kabisa, karibu mita moja ubavu kwa ubavu, wenye mgongo laini kama kandambili, tunauita Meza. Ule wa kati ni Benchi. Na ule mwembamba mfupi ambao kila kijana anauona kwanza akiingia hangari ni Wembe.

Kila ubao umeandikwa litre zake. Hizo litre si maji unayotia ndani, ni uzito ambao ubao unaweza kuubeba bila kuzama. Meza ina mia mbili na makumi mawili, Benchi mia moja na sitini, Wembe mia moja. Papa Gaspari alinifundisha hesabu moja tu, na mimi nawaachia hiyo hiyo: chukua kilo za mtu, ongeza mia moja, hapo ndipo ubao wa mwanafunzi unapoanzia. Mwenye kilo sitini anaweza kuanza na Benchi, ingawa na Meza atafurahi zaidi. Mwenye kilo themanini ni Meza, hakuna kujadili. Wembe hapewi mwanafunzi hata akilia. Wengine walilia.

Kisha angalia chini ya ubao. Katikati kuna ule ulimi unaoshuka majini, derive. Bila huo ulimi, mwanafunzi anakwenda tu kule upepo unakotaka. Ulimi wa Benchi ulivunjika zamani kwenye jiwe, na kipande cha kubadilisha hakijafika, nadhani bado kinatafuta njia. Kwa hiyo mpaka kifike, Benchi mpe tu mtu anayejua kurudi. Na tanga liwe dogo. Wanaume wanapenda tanga kubwa. Mwanafunzi mwenye tanga kubwa hajifunzi kwenda, anajifunza kuanguka.

Lakini hayo yote ni rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kupata kilo. Mizani tulikuwa nayo, ile ya kupimia magunia ya viazi, ikafa mwaka wangu wa pili. Tangu hapo tunauliza kwa mdomo, na hapa kwetu mtu hakwambii kilo zake za kweli. Yule aliyekonda anajiongezea, asije akafikiriwa mgonjwa au mwenye njaa. Nakumbuka mwalimu mmoja aliyeniambia themanini, na upepo ulikuwa unatikisa suruali yake kama bendera. Nilimpa Meza, akakaa juu yake kama nzi, tanga halikumsogeza. Na maman mmoja mwenye duka la vikwembe vya kujifunga kiunoni alisema sitini mbele ya wenzake. Nikamvuta pembeni. "Maman, mimi siko mutu wa kusema. Unapima ngapi?" Akaninong'oneza. Nikampa Meza, akasimama vizuri mara ya nne, akapiga kelele mpaka wavuvi wakageuka. Hiyo ndiyo siku niliyoelewa kwamba kazi yetu si kuchagua mbao. Ni kumfanya mtu akwambie ukweli wa mwili wake bila kuona haya. Nilijua kufanya hivyo. Nilijivuna kwa hilo.

Kisha nikapendana na Bahati. Alikuwa anatengeneza injini za mitumbwi pale bandarini, kijana wa kucheka haraka na kufikiri polepole. Kuogelea hajui hata leo. Alikuwa mtoto mwanaume wa pekee wa baba yake, na baba yake alikaa Walungu kwenye shamba. Tulikuwa tumeshaelewana yote, mpaka rangi ya mapazia. Kulibaki jambo moja: baba yake aje Bukavu, awaone wazazi wangu, aseme ndiyo. Bila ndiyo yake, Bahati asingenioa, na nisingemwomba anioe.

Muzee alikuja Jumamosi moja pamoja na dada yake, Tantine Feza. Kwetu wangefika saa sita kula. Asubuhi Bahati akawa na wazo, na mawazo ya Bahati huwa hayapigi hodi: awalete kwanza ziwani waone kazi yangu. Papa Gaspari alikuwa ameenda na mtumbwi wetu kutembelea mgonjwa. Nilikuwa peke yangu hangarini, nimevaa kaptula, miguu ina matope, nikaona Bahati anashuka na koti la suti nyuma yake. Nilinyakua kikwembe nikajifunga. Sikuona uso wa muzee. Mlivyolelewa ninyi sijui, lakini sisi binti haangalii baba mkwe machoni, hamgusi, wala haongei mambo ya mwili wake. Niliangalia viatu. Vilikuwa vyeusi, vimesuguliwa vizuri, vidogo.

"Papa anasema anataka kujaribu," Bahati akaninong'oneza.

"Nani? Papa yako?"

"Papa gani mwengine?"

"Bahati, muulize anapima kilo ngapi."

"Mimi? Nimuulize papa yangu kilo? Iko gunia?"

"Nakuomba. Mimi siwezi."

"Unaangalia tu batu, unajua. Si unajisifu kila siku?"

"Munanong'ona nini pale?" Tantine Feza akauliza. "Bibi arusi anaogopa kuibiwa ubao?"

Muzee akacheka. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyeimba kanisani. "Maji ninaijua tangu Shabunda," alisema. "Nilikuwa kijana, nilivuka muto Ulindi na kamba, muzigo kichwani. Hii ziwa imelala. Ule ubao mukubwa ni wa nani?"

"Ni wa wanaoanza, Papa," nikaviambia viatu.

"Batoto?"

"Ndiyo, na watoto pia."

"Basi niletee ule mwengine."

Furaha, Neema, hapo ndipo. Kwa mtu mwingine yeyote ningesema hapana, ningefanya mzaha, ningemvuta pembeni. Kwa mwalimu, kwa maman wa duka, hata kwa askofu. Kwa yule sikuweza kufungua mdomo. Nilipima baba mkwe wangu kwa viatu. Nikajiambia: miguu midogo, mtu mdogo, kilo sitini. Nikamtolea Benchi, ule usio na ulimi.

Na jaketi ya kuelea. Mnajua kazi ya mikanda yake mitatu: tunaivuta sisi wenyewe na kukaza mpaka mtu anasema aa. Ningemkazaje? Nilimpa Bahati, Bahati akampa baba yake, muzee akaivaa juu ya koti kama shali, mikanda ikining'inia. Viatu akavua. Koti akakataa.

Ilikuwa saa tatu. Saa hizo upepo wetu unatoka mlimani kwenda ziwani. Karibu na ukingo hauusikii, unafikiri umelala. Ukipita tu ncha ya mawe, unakuta ulikuwa unakungoja. Muzee alisimama mara ya kwanza, akaanguka, Tantine Feza akapiga vigelegele vya kejeli. Mara ya pili alisimama kweli. Mabega yalinyooka, tanga likajaa, akaenda. Bahati alipiga makofi. Mimi niliangalia nyuma ya ubao, nikaona maji yanaupanda. Benchi lilikuwa linazama kwa nyuma. Mtu wa kilo sitini halizamishi Benchi hivyo.

Alipita ncha ya mawe. Akaanguka. Akapanda, akaanguka. Mara ya tatu aliuachia ubao, na upepo ukauchukua na tanga lake, ukiuelekeza ng'ambo ambako kuna mpaka na watu wenye bunduki. Kisha nikaona kitu cha rangi ya machungwa kinaelea peke yake. Ilikuwa ni ile jaketi. Ilimtoka kichwani kama shati la mtoto.

"Papa!" nilipiga kelele. "Papa, kamata ile jaketi!" Aligeuza kichwa akaona ni mimi ninayemwita, akaangalia upande mwingine.

Ukienda kumwokoa mtu, usichukue ubao wa mbio. Chukua mpana, bila tanga, pamoja na kasia. Nilivuta Meza, nikafungua kikwembe nikakitupa kwenye mawe, nikapiga kasia. Sikumbuki maji yalikuwa baridi au la. Nakumbuka nilikuwa naomba Mungu wavuvi wapite, niachiwe nafasi ya kuwa binti mwenye adabu. Hakupita mtu.

Nilipomfikia, maji yalikuwa kidevuni. Koti lilimfungukia pande mbili kama mabawa na kumvuta chini.

"Usinikamate," alisema.

"Papa, toa mkono."

"Rudia pale. Umutume Bahati."

"Bahati hajui kuogelea."

"Basi umutume mutu mwengine."

"Mutu mwengine hayuko, Papa."

Akazama. Akatokea tena akikohoa. Nilimwangalia usoni, mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya Bahati, hayo hayo, na yalikuwa yanaogopa. Na ndipo nikauliza, kwa sauti ile ninayoulizia kila mteja:

"Unapima kilo ngapi?"

Maji yalimwingia mdomoni, akayatema. "Mia na mbili."

Mia na mbili, na mimi hamsini na nane. Mia moja na sitini. Meza ingetubeba wote wawili. Sikuuliza tena ruhusa. Nilimshika mkanda wa suruali kwa mkono wa kulia nikavuta. Mkanda ukakatika. Nikamkamata nguo, nikamkamata mwili, popote, nikavuta, suruali ikabaki ziwani, na begani mwangu kikalia kitu kama kijiti kinachovunjwa kwa goti. Alipokuwa amelala juu ya ubao, kifudifudi, nilimlalia mgongoni ili asiteleze. Shavu langu lilikuwa kwenye koti lake. Lilinuka sabuni na moshi wa jikoni. Nilipiga kasia kwa mkono mmoja, tukawa tunazunguka tu kama jani, mpaka mtumbwi wa wavuvi wa samaki sambaza ukatuona na kutufunga kamba.

Ukingoni walikuwa wamekusanyika watu wa kutosha. Tantine Feza alifungua kikwembe chake cha juu, akaingia majini mpaka kiunoni, akamfunika kaka yake kabla hajasimama. Muzee alijifunika na uso pia. Hakuna aliyenitukana. Ningependa mtu anitukane. Kule kwetu Cimpunda mama yangu alikuwa ameshapakua, na mpaka jioni chakula kilikuwa bado kinawangoja.

Bega daktari alisema nyama zimekatika ndani, na kwamba dawa ni kupumzika na kumshukuru Mungu. Mlingoti siwezi kuuinua tena, wala kuvuta tanga kutoka majini. Papa Gaspari hakunikemea. Alikuja kutukuta nyumbani, akakaa, akasema, "Nilikufundisha litre. Sikukufundisha mukwe." Kisha akaomba chai. Tangu siku ile ananiita mwenzake, na ninajua ndiyo namna yake ya kuniaga.

Baada ya wiki tatu Tantine Feza alipanda mpaka kwetu, akihema. Alikubali kiti, akakataa soda.

"Mutoto wangu, padri alisema dhambi hakuna," aliniambia. "Mimi mwenyewe nilisema tuchinje mbuzi, tusafishe, iishe. Bazee bakakubali. Ni yeye ndiye alikataa."

"Amekasirika?"

"Ingekuwa kasirani ningekuwa nimeshaimaliza, ule ni kaka yangu. Ni haya. Anasema: ule binti nikimuona, niko tena mule majini bila suruali. Anasema, mutoto wangu mwanaume iko mumoja tu. Akimuoa ule, nyumba yake sitaingia mpaka nikufe." Alinishika mkono, ule mzima. "Halafu anasema ulifanya vizuri. Anarudilia hiyo kila siku. Ulifanya vizuri, na hawezi."

Bahati alikuja kesho yake. Alisimama mlangoni, mikono ina mafuta ya injini.

"Ungeuliza tu kilo," alisema.

"Nilikuomba uulize wewe."

"Ninajua." Alijipangusa mikono kwenye suruali, muda mrefu. "Papa iko mumoja, Nadine."

"Ninajua na mimi."

Sasa yuko Sange, anatengeneza mashine za kukoboa mpunga. Wanasema amenenepa kidogo. Ninajaribu kufurahi na karibu ninaweza. Mimi ni mtu wa kufurahi, mnanijua.

Basi hii ndiyo kazi niliyowaachia. Gongeni ubao kabla ya kuutoa. Someni litre. Angalieni ulimi. Tanga dogo. Mikanda mitatu, muivute ninyi wenyewe, hata akiwa padri, hata akiwa babu yenu. Na kilo muulize. Mukwe akifika, mwambieni mapema kwamba hangarini hakuna mukwe, kuna mtu na maji. Akikasirika arudi nyumbani kwa miguu yake mikavu. Mtakosa ndiyo yake, labda. Mimi niliikosa hata hivyo, na nilimwogopesha mtu mzima ambaye hakunikosea kitu. Hilo la pili ndilo linaloniamsha.

Juzi mama mmoja anayeuza mboga alishusha kikapu mlangoni kwetu. Maharage mapya, ya kutoka Walungu, yamechambuliwa moja moja, hakuna hata jiwe. "Ni ya muzee," alisema. Nilimuuliza ametuma neno gani. Akasema hakuna neno, ni kikapu tu.

Mchana ule nyumbani hapakuwa na mtu. Niliyapika kwa mkono mmoja, pamoja na mawese na kitunguu, taratibu, mpaka yakaiva vizuri. Nikapakua sahani, nikaifunika kwa sahani nyingine, juu nikaweka kitambaa safi. Nikaibeba mpaka kwenye kiti kitupu kilicho karibu na mlango, nikapiga magoti, nikaiweka bila kuinua macho, namna binti anavyomwekea chakula baba wa bwana wake. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikageuka ukutani, nikasimama hivyo muda ambao mtu mzima anaumaliza akila bila haraka.